Jino la Simba, au Kikojozi

Asanteni, na poleni na joto la humu ukumbini. Nilipoalikwa kuzungumzia ua la Ulaya, nilipitia sokoni kwanza. Hili hapa ni fungu la mchunga. Nakata jani: mnaona utomvu mweupe unavyotoka? Waliolishwa mboga hii utotoni wanaujua uchungu wake. Basi mmea wetu wa leo ni wa ukoo huuhuu, una utomvu huuhuu, na huota kila penye nyasi huko Ulaya.

Ua lake ni la njano, limekaa peke yake juu ya bua tupu lenye uwazi ndani kama mrija. Nasema ua, kumbe nawadanganya: ni vijiua vilivyosongamana, huweza kuzidi 100, na kila kimoja huzaa mbegu yenye mwavuli wake wa nywele. Mbegu zikikomaa, Wajerumani huliita Pusteblume, ua la kupuliza. Kabla ya hapo ni Löwenzahn, jino la simba.

Jino lenyewe liko kwenye jani, ambalo kingo zake zina meno yaliyogeukia nyuma. Wafaransa waliita dent de lion. Waingereza wakalitamka walivyoweza, likawa dandelion. Cha kuchekesha, Wafaransa wa leo husema zaidi pissenlit. Yaani kikojozi! Chekeni tu. Ni kwa sababu majani yake yalijulikana kwa kuongeza mkojo. Na ukimsikia Mfaransa akisema fulani anawala vikojozi kuanzia mzizini, jua huyo fulani keshazikwa. Wadenmaki wao wameangalia utomvu: mælkebøtte, ndoo ya maziwa.

Najua wapo wanaongoja jina la kisayansi, wakidhani ndilo lenye heshima. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuita Leontodon taraxacum. Leontodon ni Kigiriki: jino la simba, lilelile! Mwaka 1780 likachapishwa Taraxacum officinale, tulilo nalo sasa. Taraxacum lilifika Kilatini kupitia vitabu vya tiba vya Kiarabu, na Kiarabu nacho kililipata kwa Waajemi. Officinale limetoka kwenye officina, stoo ya dawa ya watawa. Ni jina la waganga, basi, lililovishwa kanzu ya Kilatini.

Tena halishiki kitu kimoja. Mingi ya mimea hii huzaa mbegu bila chavua, mtoto akawa nakala ya mama, na kila nasaba ikabaki na umbo lake. Wataalamu wamezipa nasaba hizo majina mbalimbali. Uingereza peke yake wamehesabu zaidi ya 200. Mkulima anayezing'oa bustanini huziita zote jina moja, nami simlaumu.

Mchunga nao unalo lake: Launaea cornuta. Cornuta ni "wenye pembe". Haya, pitisheni fungu hili, kila mtu atazame jani kama anaiona hiyo pembe.