Pikapu Isiyobeba Viazi: mhadhara kwa wapiga gitaa, Mwanjelwa, Mbeya

Ndugu zangu, mugonile! Nawashukuru kwa kutoka ndani na baridi hii. Wa nyuma sogeeni mbele, maana vitu nitakavyoonyesha ni vidogo.

Mada niliyopewa ni pikapu. Najua hapa Mbeya ukitaja pikapu mtu anatazama barabarani kama imeshafika na viazi vya Umalila. Ya leo ni ya gitaa la umeme, inakaa kiganjani, hii hapa. Ni sumaku sita, plastiki kidogo, na waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.063 uliozungushwa mara elfu nane hivi. Koili moja, ndiyo hiyo tu. Uzi wa chuma ukicheza juu ya sumaku, uga wa sumaku nao unacheza, na ndani ya waya unazaliwa umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Funga uzi wa nailoni hapo, hutasikia kitu.

Wengi mmekuja na swali moja: ninunue ipi? Mimi nauliza kwanza: una ugomvi gani na uliyo nayo?

Mpiga solo wa kwaya moja aliniletea gitaa akisema pikapu zimekufa, kwamba akipanda juu ya freti ya 12 sauti inayumba na tyuni haishiki. Pikapu zilikuwa nzima. Kuna mtu alizipandisha mpaka zinakaribia kugusa nyuzi, akidhani anaongeza nguvu. Sumaku ikikaa karibu hivyo inauvuta uzi, na uzi unaovutwa hauimbi noti yake sawasawa. Dawa ilikuwa bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, weka rula kati ya kichwa cha sumaku na uzi: milimita 2.4 upande wa uzi mnene, 2 upande wa uzi mwembamba. Anzia hapo, kisha sikiliza, shusha au pandisha kwa robo mzunguko wa skrubu. Yule bwana aliondoka na hela yake mfukoni, na mimi nikabaki na soda aliyoninunulia.

Ugomvi wa pili ni mvumo. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na hiyo, wapiga besi mtanielewa, ni ile G ya freti ya 3 kwenye uzi mnene kuliko yote, imepanda kidogo. Kwa hiyo ukumbi mzima unaimba G hata kama kwaya iko kwenye D. Simama na gitaa lako, washa amplifaya, geuka taratibu kama mtu anayetafuta mtandao. Mvumo ukipungua na kuongezeka kadiri unavyogeuka, ni pikapu inayonasa uga wa transfoma au taa, na hiyo ndiyo tabia ya koili moja. Usipobadilika hata kidogo, angalia waya za ndani, jeki na ethi kabla ya kununua chochote. Na ukigusa maikrofoni kwa mdomo ukapigwa shoti, zima kila kitu, aitwe fundi umeme. Hapo si kazi ya pikapu wala ya maombi peke yake.

Kama mvumo ndio unaokuchosha, zipo pikapu za umbo hili hili zenye koili mbili, moja juu ya nyingine, kila moja ikiua mvumo wa mwenzake. Zinafanya kazi. Mimi sizipendi sana, nasikia kama mtu ameziba dirisha, ila mpiga gitaa wa ibada zenye maombi ya kimya kimya nitamshauri achukue.

Sasa tuseme kweli unabadilisha. Nitawasimulia ujinga wangu. Miaka ile nilisoma kwenye boksi "kiloomu 12", yaani kipimo cha ukinzani wa waya, na zangu zilikuwa 6. Nikapiga hesabu ya dukani: 12 ni mara mbili ya 6, basi sauti mara mbili. Nikachomelea kwa risasi usiku ule ule. Jumapili solo yangu ilizama ndani ya kinanda kama nyanya kwenye mchuzi. Nguvu ilikuwepo, ukali wa juu haukuwepo, ule mlio unaopenya juu ya sauti za kina mama bila kupigana nazo. Waya mwingi unaongeza nguvu, lakini unashusha kilele cha masafa ambacho pikapu inakipenda, na kilele hicho ndicho kinachofanya solo ing'ae.

Tena namba yenyewe ni ya kigeugeu. Tumia waya wa milimita 0.056, mizunguko ile ile, na kiloomu zinapanda kwa robo hivi wakati nguvu haijaongezeka. Hata hali ya hewa inaichezea. Ukinzani wa shaba unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Pima pikapu hapa asubuhi ya Julai, digrii 12, upate 6.0, ishushe Dar kwenye digrii 30 na mita itakuambia 6.4. Hakuna aliyeongeza waya njiani. Basi mtu akikuuzia kiloomu, muulize na sumaku.

Sumaku hizo ni alniko, yaani alumini, nikeli na kobalti ndani ya chuma. Alniko 5 ina mkazo, noti inatoka kwa haraka na juu kuna ukali. Alniko 2 ni dhaifu kidogo, laini, inavuta uzi kwa upole. Magitaa mengi ya bei ndogo yana vyuma sita visivyo na sumaku, na chini yake kipande cha sumaku ya kauri. Watu wanaidharau kauri kuliko inavyostahili. Nimesikia solo tamu zikitoka humo. Kwa rithimu ya kukwangua mimi nachukua alniko 5 yenye kiloomu 6 hivi, na kwa solo ya polepole shingoni, alniko 2.

Tazameni vichwa vya sumaku hizi, havilingani. Fender walipotoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, uzi wa tatu ulikuwa umeviringishiwa waya, kwa hiyo mpangilio wa urefu ule ulikuwa na maana. Leo uzi huo ni mtupu, na unapiga kelele kuliko wenzake. Ukiona pikapu yenye vichwa vilivyolingana, usidhani imeharibika; kwa nyuzi zetu za sasa inaweza kukufaa zaidi.

Kabla ya kulipa, pima umbali kutoka kichwa cha kwanza hadi cha sita. Kuna za milimita 50 na za 52, na nafasi kati ya nyuzi zako ndiyo inayoamua. Pikapu ya darajani ya Telecaster, gitaa lingine la Fender, ni pana, haitaingia kwenye shimo la Stratocaster ukiisukuma. Na poti zako, vile vitufe vya kuzungusha vya sauti na toni, ziwe kiloomu 250. Ukikuta 500, sauti itachoma masikio, utailaumu pikapu bure.

Kuna aliyeuliza kuhusu swichi ya kuchagua pikapu. Ile ya nafasi tano ilikuja mwaka 1977. Kabla yake watu walikuwa wanabananisha ya nafasi tatu katikati ili wapate ule mlio mwembamba. Ukinunua seti, hakikisha ya katikati imezungushwa kinyume na sumaku zake ziko kinyume, ndipo nafasi ya 2 na ya 4 zinyamazishe mvumo. Kujua ni rahisi: elekezanisha vichwa vya pikapu mbili. Zikivutana, ziko kinyume. Zikisukumana, ni za upande mmoja. Na ukichomelea ukasikia sauti nyembamba kama ya simu, geuza waya mbili za pikapu moja, lakini si ya shingoni kwenye Telecaster kabla hujatenganisha waya wa kifuniko chake cha chuma.

Wewe mwenye gitaa jekundu, ndiyo, wewe. Lete hapa mezani. Mwenye bisibisi ndogo ya nyota anisaidie, tuanze kulegeza nyuzi.