Nyumba ya pili ilipe kodi kubwa zaidi? Mi nasema ndiyo, ila kuna masharti

Habari za jioni ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze kwa kuweka neno moja sawa maana bila hivyo tutachanganyana mpaka mwisho. Kiswahili chetu neno kodi linabeba vitu viwili, kuna kodi unayompa mwenye nyumba kila mwezi na kuna kodi ya serikali. Leo nikisema kodi ni ile ya majengo inayokwenda halmashauri, ya mpangaji ntaiita pango. Na nikisema nyumba ya pili simaanishi nyumba uliyopangisha familia inayoishi humo mwaka mzima. Namaanisha nyumba ambayo mwenyewe anakuja wikendi na likizo, siku zingine zote imefungwa na funguo ziko naye mji mwingine. Shikeni hiyo tofauti, ntairudia baadae, maana hapo ndo pameharibika sehemu nyingi.

Swali letu ni kama nyumba ya namna hiyo ilipe kodi kubwa kuliko nyumba ya jirani anayelala hapo kila siku. Mi jibu langu ni ndiyo, na naliamini kwa dhati.

Tuanze na anayepinga, kwa sababu hoja yake ina uzito. Anasema hivi: mimi simpeleki mtoto shule yenu, siugui kwenye zahanati yenu, taka zangu ni mfuko mmoja kwa mwezi, sasa iweje natumia kidogo halafu nilipe zaidi? Na msidhani ni hoja ya kizamani ya watu wachache. England kodi ya halmashauri ilipoanza 1993 nyumba ya pili ilikuwa inapewa punguzo la asilimia 50, kwa mantiki hiyohiyo. Punguzo likaanza kuminywa 2004, mwaka 2013 halmashauri zikaruhusiwa kulifuta kabisa, na kuanzia Aprili 2025 zinaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 100 juu ya bili ya kawaida. Yaani mtu aliyekuwa analipa nusu sasa anaweza kulipa mara mbili, na nyumba ni ileile. Ni nini kilibadilika?

Kilichobadilika ni watu kuanza kuangalia kijiji kinaendeshwaje hasa. Chukua bomba la maji. Fundi wa maji hapimi bomba kwa siku ya kawaida, anapima kwa siku ile ambayo nyumba zote zimejaa na kila mtu anaoga saa mbili asubuhi. Mtaro wa majitaka hivyohivyo, barabara hivyohivyo, gari la zimamoto hivyohivyo, haliwezi kuwa nusu eti kwa sababu nusu ya nyumba hazina watu. Kwa hiyo yule wa likizo hatumii kidogo kama anavyodhani, amewekewa nafasi yake mwaka mzima na inatunzwa hata akiwa hayupo.

Halafu kuna upande wa pili ambao kwangu ndo mzito zaidi. Kuna vitu haviendeshwi kwa idadi ya nyumba, vinaendeshwa kwa idadi ya vichwa, yaani shule, basi la asubuhi, duka linalofungua hata siku za mvua, timu ya zimamoto ya kujitolea. Nyumba ikiuzwa kutoka kwa familia ya watu watano kwenda kwa mtu wa wiki tatu kwa mwaka, daftari la kodi la halmashauri halioni chochote, nyumba ipo na bili inalipwa. Ila dereva wa basi anaona, na mwalimu anaona.

Abersoch, kule Wales, kijiji cha pwani kwenye rasi ya Llŷn, pazuri sana na nyumba za likizo ni nyingi mno. Shule ya msingi ya pale ilifungwa mwisho wa mwaka 2021, wanafunzi waliobaki walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Sisemi nyumba za likizo ndo sababu peke yake, shule ndogo zina shida nyingi, lakini watu wengi wa pale walizitaja hizo kwanza. Na hilo eneo ni moja ya ngome za lugha ya Kiwelshi, yaani ile shule ikifungwa kinachoondoka si madawati tu, ni mahali ambapo watoto walikuwa wanacheza kwa lugha ya bibi zao. Mimi mtu wa lugha hilo linanigusa, siwezi kulipita hivihivi. Kuanzia 1979 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 kuna kundi lilichoma nyumba za likizo Wales, zaidi ya 200. Siungi mkono kuchoma nyumba ya mtu, hata kidogo. Ila jamii ikifika hapo ujue imekaa muda mrefu inaongea na hakuna anayesikiliza, na mi naona bili ya kodi ni njia ya kistaarabu zaidi ya kumfanya mtu asikilize.

Sasa Wales wamefanyaje. Tangu 2017 halmashauri zimeruhusiwa kuongeza hadi asilimia 100, na Aprili 2023 kikomo kikapandishwa hadi asilimia 300. Gwynedd, ndo halmashauri yenye Abersoch, imeweka 150. Hesabu yake ni rahisi, kama bili ya kawaida ni pauni 2,000 basi wewe wa nyumba ya pili unaongezewa 3,000, jumla 5,000. Pembrokeshire, halmashauri nyingine ya Wales, wao walipanda hadi 200 mwaka 2024, mwaka uliofuata wakarudi 150. Mi hilo la kurudi nyuma sioni kama ni kushindwa, ni halmashauri inayotafuta kiwango chake, na ndo faida ya kuacha uamuzi huu ngazi ya chini.

Lakini kodi yoyote ikipanda watu wanatafuta mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ulikuwepo. Ukisema nyumba yako ni biashara ya kupangisha wageni inahama kutoka kodi ya makazi kwenda kodi ya biashara, na biashara ndogo ina msamaha ambao mara nyingi unafika asilimia 100. Umeelewa hapo? Mtu anajiandikisha biashara, anapangisha siku chache tu, halafu anaishia kutolipa kodi hata senti, wakati jirani yake fundi seremala analipa bili nzima. Wales zamani ilitosha kupangisha siku 70 kwa mwaka. Tangu 2023 lazima iwe wazi kwa wageni siku 252 na ipangishwe kweli siku 182. Kuna wenye biashara za dhati walioumia na sheria hiyo, mtu mwenye chumba kimoja cha wageni pembeni ya shamba hafikishi 182 kirahisi, na nadhani hao wangetafutiwa njia yao. Ila bila kuziba ule mlango ile 150 ingekuwa namba ya kwenye karatasi tu.

Wengine walijaribu njia tofauti na kodi. Waswisi walipiga kura Machi 2012, wakapitisha kwa tofauti ndogo sana kwamba nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba za manispaa. Mji wa St Ives kule Cornwall, England, mwaka 2016, zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura walikubali kwamba nyumba mpya ziwe za mkazi wa kudumu tu. Naiheshimu ile kura. Shida ni moja, marufuku ya nyumba mpya haigusi ya zamani, kwa hiyo mwenye pesa zake za likizo anageukia zile nyumba za zamani za katikati ya mji ambazo ndo kijana wa pale alikuwa anazitamani. Kodi haina tatizo hilo, inagusa mpya na ya zamani sawasawa.

Sasa turudi kwenye ile tofauti niliyowaambia mshike. Jimbo la South Carolina, Marekani, nyumba anayoishi mwenyewe kodi yake inahesabiwa juu ya asilimia 4 tu ya thamani yake, zingine juu ya asilimia 6, na mwenye kuishi kwake ana msamaha mkubwa wa kodi ya shule juu yake. Inasikika vizuri. Lakini kwenye hizo "zingine" kuna nyumba za kupangisha pia, zile za mama anayelipa pango mwaka mzima na watoto wake wanasoma palepale. Mwenye nyumba akiona bili imekua unadhani atafanyaje, sehemu ya hiyo bili itamfikia mpangaji kwenye pango. Hapo sasa kodi iliyolengwa kwa tajiri wa wikendi inamwangukia mtu ambaye hana hata nyumba ya kwanza, na hiyo mimi naiita dhuluma, sina neno laini. Jimbo jingine la Marekani, Montana, walipobadilisha sheria yao 2025 waliliona hilo, wakaweka kiwango cha chini kwa anayeishi kwake na pia kwa nyumba ya kupangisha muda mrefu. Swali sahihi la kuuliza ni moja tu, kuna mtu anaishi humo? Nani ana hati, hilo lisubiri.

Kuna hoja nyingine siwezi kuikwepa, kwamba mwenye nyumba ya pili mara nyingi hapigi kura pale, kwa hiyo madiwani wanaweza kumkamua watakavyo. Ni kweli na ni hatari. Ndo maana napenda kikomo kiwekwe na sheria ya nchi, halmashauri ichague ndani yake. Ufaransa wameifuta kodi ya makazi kwa nyumba ya kwanza, ya pili wakaibakisha, na miji yenye uhaba wa nyumba inaweza kuongeza kati ya asilimia 5 na 60. Paris imechukua 60 yote. Mji usio na uhaba hauna ruhusa, na hapo wako sahihi kabisa, kijiji kilichokimbiwa chenye nyumba zinazobomoka kinamhitaji huyo mgeni wa wikendi anunue na aezeke paa.

Na mtu aliyerithi nyumba ya mama yake mwezi uliopita msimpelekee bili mara mbili akiwa bado anahangaika na mirathi, mpeni muda wa kuuza au kupangisha.

La mwisho ni pesa zenyewe. Gwynedd wanazitumia hizo za nyongeza kwenye mpango wao wa makazi, ikiwemo kununua nyumba ili wakazi wapangishwe au wauziwe. Hapo ndo kodi inakuwa na maana, ya nyumba isiyolaliwa inamtafutia mtu pa kulala. Halmashauri yoyote ikiwaletea pendekezo hili ombeni bajeti muisome, mtafute huo mstari wa makazi uko ukurasa gani na una kiasi gani, na kama haupo msikubali kwanza. Haya, nimeona mkono kule nyuma, dada karibu na swali lako.