Saa Zinazopotelea Barazani

Mhadhara kwa wazazi na walezi, Newala

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, habari za mchana.

Tunazungumzia degedege la malaria kali, na hasa saa zinazopotea kati ya mtoto kukakamaa na mtoto kuwekewa dripu. Nyingi hazipotei njiani, ingawa njia zetu tunazijua. Zinapotelea barazani. Mama anamngoja baba aliye Mtwara mjini, baba anasema aulizwe mjomba, mjomba yuko shambani na simu imezima. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto, wala hatukuja kumvua cheo. Tunamwomba ruhusa aitoe leo, mtoto akiwa mzima: yeyote aliyepo nyumbani, hata bibi peke yake, amchukue mtoto aondoke. Taarifa atazikuta.

Haya, mtoto amekakamaa. Mlaze ubavu kwenye mkeka, mbali na moto, mlegeze nguo, tazama saa. Kijiko usikiingize kati ya meno. Kinaumiza kinywa na hakizuii chochote. Maji, uji, dawa ya kunywa, hapana: asiyejitambua hamezi, vitaingia mapafuni. Kumkojolea, kumfukiza mavi ya tembo (kina bibi mnacheka, basi mnajua tunachosema) nako hapana. Moshi unamzidishia shida mtoto ambaye tayari anahema kwa taabu. Degedege likikoma, msikae kungoja kama litarudi. Likivuka dakika 5, ondokeni likiwa linaendelea.

Wapo wenye malaria kali wasiokakamaa kabisa. Amelegea tu, hanyonyi, anatapika kila kitu, viganja vimekuwa vyeupe, anahema harakaharaka. Hawa hutupa hofu zaidi, maana nyumbani hakuna anayepiga yowe.

Kwenye bodaboda, mtoto asiye na fahamu asibebwe mgongoni kwa kanga. Kidevu hulalia kifua na pumzi ikaziba. Apakatwe, kichwa kikae sawa na shingo, kidevu kimeinuka kidogo. Kama yu macho na anameza, njiani anyonye, au apewe maji ya sukari: vijiko vidogo 4 vya sukari katika mililita 200 za maji safi. Malaria kali humaliza sukari mwilini, na mtoto anaweza kupoteza fahamu kwa sababu hiyo tu.

Zahanati watamtoboa kidole wapime. Ikiwa ni malaria kali, na sindano haipo, kuna artesuneti, dawa ya malaria, ya kuweka njia ya haja kubwa, miligramu 100: moja kwa mtoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka 3, mbili kwa wa miaka 3 hadi chini ya 6. Makalio yabanwe dakika 10. Dawa ikitoka kabla ya nusu saa, mwambieni mhudumu airudie. Hapa ndipo watu hukosea: mtoto anafumbua macho, anaomba uji, familia inageuza kurudi nyumbani. Dawa ile ni ya kumvusha tu hadi hospitali. Vimelea vya malaria havijaisha.

Hospitalini atachomwa artesuneti akifika, kisha zikipita saa 12, na tena zikitimia saa 24 tangu afike. Mtaani husemwa sindano inaua mwenye degedege. Tunajua neno hilo limetoka wapi: mtoto aliyezungushwa siku mbili hufika akiwa hoi, anachomwa, anafariki, na kilichoonekana mwisho ni sindano. Lawama inaiangukia yenyewe.

Mpelekeni na kadi ya kliniki. Waende pia ndugu wawili wazima wa afya, wenye miaka 18 au zaidi na kilo zisizopungua 50, kwa sababu malaria hula damu na benki ya damu inaweza kuwa tupu. Nauli iwekwe kando fedha za korosho zinapoingia. Mvua zikikolea na mbu wakizidi, fedha hizo huwa zimeshakwisha.

Mkiruhusiwa, dawa mseto ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza. Ameze pamoja na maziwa, au uji uliotiwa karanga za kusaga, maana dawa hii hufyonzwa vizuri kukiwa na mafuta. Akiitapika kabla ya nusu saa, apewe dozi ile tena, kisha rudini zahanati mkaombe ya kufidia.