Uvumilivu wa askari uko pia mkononi mwa afande wake

Assalaamu alaykum. Maafande, na nyinyi vijana wa vikosi vya Zanzibar, KMKM, Zimamoto na JKU mliokuja hapa Chake Chake, ahsanteni. Nimeombwa nizungumzie uvumilivu wa askari. Kila tukiutaja, macho yote humwendea kuruti: huyu shupavu, yule laini. Leo naomba tumtazame anayemuamrisha.

Mwanasaikolojia wa Israel, Shlomo Breznitz, aliwafuatilia askari vijana waliotembea kilomita 40 na mizigo mgongoni. Masafa yalikuwa sawa kwa wote. Kilichotofautiana ni maneno. Kundi moja liliambiwa masafa kamili na likawa linajulishwa limefika wapi. Jengine liliambiwa 30, likikaribia kumaliza likaongezewa 10. Jengine likaambiwa 60. Na wengine waliambiwa tu kwamba safari ni ndefu, basi. Waliofanya vizuri kuliko wote ni wale waliojua. Lakini linalonishughulisha mimi ni damu yao: homoni za msongo, yaani kemikali ambazo mwili huzitoa mtu akielemewa, zilifuata kile walichodhani kiko mbele yao, wala si uzito wa njia waliyokuwa wakiipita.

Sasa ifikirieni boti inayotafuta watu usiku baada ya ajali. Sisi hatuhitaji kuhadithiwa: meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 upande wa Nungwi, na Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe. Kijana anauliza, "Afande, tunarudi saa ngapi?" Anajibiwa, "Wewe fanya kazi!" Wapo wanaouita huo ukali wa kijeshi. Mimi nauita uvivu. Kama hujui, mwambie hujui, kisha mwambie utajua lini: "Saa kumi nazungumza na makao makuu, nitakwambieni." Hilo halihitaji bajeti wala mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Mtaniuliza, kwani hakuna watu waliozaliwa wagumu? Watu hawalingani, kweli. Angela Duckworth aliwapa makuruti wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, dodoso fupi la ung'ang'anizi. Lilibashiri nani atamaliza mafunzo makali ya mwanzo kuliko alama walizoingilia chuoni. Utafiti wa 2019 uliohusisha makuruti zaidi ya 11,000 ulithibitisha hilo kwa mafunzo hayo, ingawa darasani akili ndiyo iliyotangulia. Sawa. Lakini dodoso halimwambii afande amfanyie nini kijana ambaye tayari yuko naye kwenye boti.

Na tukimlaumu mtu peke yake, tunaweza kufika pabaya. Katika Vita Kuu ya Kwanza Uingereza iliwapiga risasi askari wake kwa makosa kama utoro na woga. 306 kati yao walisamehewa mwaka 2006, wameshakufa zamani. Vita hivyo hivyo vilimpa daktari wa Marekani Thomas Salmon fikra nyengine: aliyeelemewa atibiwe karibu na wenzake, mapema, na aelezwe kwamba anatarajiwa kurudi. Kwetu mtu akitetemeka baada ya kuopoa maiti huambiwa "kuwa mwanamme", akapelekwa nyumbani peke yake. Hayo yote mawili ni kinyume cha alichofundisha Salmon.

La mwisho ni usingizi, maana naona birika la kahawa linazunguka. Harris Lieberman na wenzake waliwapima makuruti 68 wa kikosi maalumu cha wanamaji wa Marekani waliokuwa wamekosa usingizi takriban saa 72. Kafeini iliwaamsha, wakawa wepesi kugundua ishara, shabaha haikutengemaa. Yaani macho yalifunguka, lakini mkono ulibaki vile vile. Kwa hiyo nikialikwa kambini kuzungumzia uvumilivu, kitu cha kwanza ninachoomba nionyeshwe, kabla sijakutana na askari hata mmoja, ni karatasi ya zamu.