Ile noti ya alfu ya Bi Kidude

SALMA: Assalam alaykum wasikilizaji wetu, mlioko jikoni, mlioko kwenye daladala, na nyie mlioko ofisini mnajifanya mnafanya kazi kumbe mmeweka hedifoni sikio moja, karibuni. Mie Salma.

KOMBO: Na mie Kombo, mtoto wa Wete niliyepotea Unguja. Leo feni tumeizima isiingie kwenye maiki kwa hiyo mkisikia mtu anahema kama mbuzi wa Arafa ni mimi huyo, mnisamehe.

SALMA: Leo tulikuwa na mada nyengine kabisa, tuseme ukweli.

KOMBO: Tulikuwa nayo, lakini nimefika hapa nimekuta kijumba cha kaseti juu ya meza, na mie mkono wangu mwepesi, nikakifungua. Ndani mna kaseti, na chini ya kaseti mna noti ya alfu moja, kuukuu, imekunjwa mara nne mpaka sura ya Mwalimu imepasuka puani. Nikasema Salma, hii mbona noti ya zamani, haitumiki. Yakhe, kaninyang'anya utasema nimemshikia kitoto kichanga!

SALMA: Kwa sababu hujui ni ya nani.

KOMBO: Ya nani?

SALMA: Ya Bi Kidude, yule mwimbaji wetu wa taarabu na unyago.

KOMBO: Bi Kidude alikupa weye pesa?

SALMA: Mie ndo nilikuwa nimpe. Sikumpa.

KOMBO: Haya, mada imeshabadilika. Anza.

SALMA: Lazima nianzie kwa bibi yangu sasa. Bibi alikuwa Miembeni, nyumba ya barazani ina redio moja kubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na redio ile mwenye amri nayo ni yeye peke yake. Ikipigwa taarabu ya kikundi cha Ikhwani Safaa, hewala, sauti inapandishwa. Ya kikundi cha Culture, hewala. Ikija sauti ya Bi Kidude tu, bibi anainuka, magoti yanamuuma lakini anainuka, anazima. Mwanamke gani yule, sigara mkononi mbele za watu. Basi mie nikaanza kumpenda kwa sababu nilikuwa namsikia sekunde kumi kumi.

KOMBO: Ushabiki wa wizi!

SALMA: Wallahi. Halafu ile sauti, Kombo, mie nilikuwa mtoto, nimezoea waimbaji wa kike wenye sauti kama asali, mara linakuja sauti zito, limekwaruza, utasema mtu anavuta jahazi mchangani. Nikajiuliza huyu anaumwa? Na mbona akiumwa vizuri hivi?

KOMBO: Mie ntakiri hapa hapa, sauti ile mwanzo ilinitisha. Sisi Pemba kwetu nyumbani alikuwa akipigwa harusini, nikajua ni mwanamme mzee.

SALMA: Wengi walidhani hivyo. Sasa hiyo kaseti unayoiona nilinunua mwenyewe, Mlandege, kwa pesa ya sikukuu. Muuzaji alikuwa anarikodi kutoka kaseti nyengine, jina kaandika kwa kalamu ya wino, Bi Kidude, basi, hakuna jina la nyimbo wala nini. Nikawa nasikiliza usiku na kiredio kidogo chini ya mto.

KOMBO: Nyimbo gani sasa?

SALMA: Mna *Muhogo wa Jang'ombe* mara mbili. Upande wa kwanza na upande wa pili. Mwanzo nikaona nimeibiwa, nimelipa pesa kamili nimepewa wimbo mmoja mara mbili. Nikaja kuskiza vizuri ndo nikagundua si mmoja. Huku anaingia mapema, kabla fidla haijamaliza, kule anaacha fidla inakwenda weee mpaka unasema kasahau, halafu ndo anaingia, tena katikati ya neno. Huku beti hii ipo, kule haipo, kaweka nyengine. Pumzi zake hazikatiki pale pale.

KOMBO: Sasa ipi ndo yenyewe?

SALMA: Ndo swali nililojiuliza miaka. Nikaanza kukusanya. Za redioni, za harusini, za sidii, baadae za intaneti. Nnazo za wimbo ule kumi na moja na hakuna mbili zinazolingana. Kuna watu wananiambia alikuwa hakariri, mzee, anasahau. Alikuwa anasahau nini? Mtu aliyejifunza kwa kumskiza Siti binti Saad kwa masikio yake, Siti wa Fumba, muuza vyungu, aliyekuja mjini 1911 akachekwa kwa kaniki zake, na 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurikodi sahani za santuri. Kwa Siti hukupewa karatasi. Unaskiza, unachukua, unatia chako. Bi Kidude alikuwa anatia chake kila siku.

KOMBO: Kwa hiyo mpaka akiwa na miaka mia...

SALMA: Eee, usiniguse kwenye umri!

KOMBO: Nnakugusa makusudi. Miaka mingapi?

SALMA: Mwenyewe akisema kazaliwa wakati wa rupia. Kijijini Mfagimaringo, baba yake muuza nazi, nani aandike tarehe? Sasa watu wakisikia rupia wanapiga hesabu kabla ya vita vya kwanza vya dunia, wanaandika 1910, wanamaliza. Lakini rupia hapa Zanzibar ilitumika mpaka mwisho wa 1935, shilingi imekuja 1936. Bara ndo rupia iliondoka mapema.

KOMBO: Kwa hiyo hata mtu wa 1934 ni mtoto wa rupia.

SALMA: Ni mtoto wa rupia. Lakini wa 1934 asingemuwahi Siti kwenye enzi yake, kwa hiyo mzee alikuwa mzee, hilo usibishane na mie. Ila kila mgeni akija na maiki anataka kusikia mia, mia na tatu, mia na tano, mwanamke mkongwe kuliko wote jukwaani, sijui nini. Mtu anaimba hivi we unauliza meno yake.

KOMBO: Hapo una donge, nnaliona.

SALMA: Nnalo. Maana sie wenyewe tulimjua ukubwani. Miaka yote ile anapiga unyago, anapiga msondo amefunga kwa kanga kiunoni, ngoma ndefu hiyo imepita katikati ya miguu, watu wanamwita kwenye shughuli zao akimaliza wanamsema. Kaja kupewa tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa dunia, Uingereza kule, 2005, ndo huku kila mtu bibi yetu, bibi yetu. Leo ukipita Mji Mkongwe fulana zipo, picha za rangi zipo, yupo na sigara yake. Muulize muuzaji akutajie nyimbo tatu.

KOMBO: Mie nyimbo mbili nnazijua, usiniulize ya tatu.

SALMA: Umeshapita mtihani wa fulana.

KOMBO: Turudi kwenye noti. Watu wanasubiri noti.

SALMA: Haya. Sauti za Busara, Ngome Kongwe, miaka ile tamasha bado changa, lilianza 2004, mie niko sekondari. Nikasikia Bi Kidude anapanda usiku. Nikamuomba mama ruhusa, mama akasema kamuombe bibi. Nimejua basi, kwishnei. Nikenda nimeinamisha kichwa. Bibi kanisikiza, kanyamaza, kaendelea kuchambua mchele. Mie nimesimama mlangoni sijui niondoke sijui nikae. Halafu akafungua fundo la kanga yake, pole pole, akatoa alfu moja, akasema kamtunze.

KOMBO: Bibi huyo huyo wa kuzima redio?

SALMA: Huyo huyo! Nikasema bibi, nimtunze nani? Akasema nani tena, huyo unayemlalia usiku chini ya mto. Kumbe anajua siku zote. Halafu akasema, bila ya kuniangalia, alinicheza mie yule.

KOMBO: Yaani?

SALMA: Yaani bibi alivyokuwa mwari, ngoma yake kaipiga Bi Kidude. Mengine siyasemi hapa, we mwanamme.

KOMBO: Sikuuliza kitu, nipo kimya, nnaangalia ukuta.

SALMA: Nikataka kumuuliza sasa mbona ulikuwa unazima? Sikuuliza. Mpaka leo nadhani ile sauti ilikuwa inamwambia mambo ambayo hayasikilizwi barazani mbele ya waume na wajukuu. Lakini hiyo nadhani yangu tu.

KOMBO: Mmh. Halafu ukenda.

SALMA: Nikenda. Nimevaa viatu vya idi, noti nimeikunja mara nne nimeikamata mkononi, mkono unatoka jasho. Sasa kwa wale msiojua, taarabu yetu mtu hakai tu akapiga makofi, wimbo ukikugusa, au beti imempata jirani yako, unanyanyuka, unakwenda mbele na noti juu, unacheza kidogo kidogo, unamtunza, unarudi. Pale ndo mwimbaji anajua neno limefika.

KOMBO: Na nani kalengwa.

SALMA: Na nani kalengwa! Basi kapanda. Kadogo, kanga yake, kakaa tu. Kafungua mdomo na ile ngome yote ikanyamaza, hata popo nadhani walitua. Mie nikasema nisubiri kwanza wa mwanzo umalizike nisije nikaonekana na kiherehere. Wa pili nikanyanyuka. Mbele yangu makamera. Wageni wamejipanga safu nzima, mikoba, miguu ya chuma ya kamera, mmoja kapiga magoti na lenzi kama bomba la maji. Nikasema samahani. Nikasema ekskyuzi mi. Nikaambiwa shhh.

KOMBO: Kwenu!

SALMA: Kwetu. Na mie badala ya kupita kwa mabavu kama shangazi zangu wangepita, nikaona haya, nikazunguka upande wa pili, kule kumejaa watu wa kwaya sijui wa kundi gani wanasubiri kupanda, nikakwama kwenye waya, na yeye kule anaimba ile beti, Kombo, ile ya upande wa pili wa kaseti, ile anayoingia katikati ya neno. Nikasimama tu. Nikasahau noti, nikasahau bibi, nimesimama na waya mguuni nalia. Nilivyopata akili keshainuka, anashikwa mkono, anashushwa.

KOMBO: Subhanallah.

SALMA: Nikarudi nyumbani. Bibi hajalala. Akauliza swali moja tu, umempa? Nikasema nimempa.

KOMBO: Salma!

SALMA: Nimempa, na kashukuru. Nikaongeza na hilo.

KOMBO: Ukaongeza na chumvi juu!

SALMA: Bibi akacheka, nilikuwa sijamuona akicheka vile, akasema haya, deni langu limekwisha, akaenda kulala. Sasa ntamwambia vipi? Nikasema mwakani ntampa, mwakani nikenda Dar kusoma. Mwaka mwengine nikarudi, nikakuta kaitwa nje. Tena nikamuona mara moja barabarani, kwenye gari, kioo kimefungwa, nikapunga mkono kama mwehu. Halafu tarehe 17 Aprili 2013 nipo kazini simu zikaanza kulia, kafariki Bububu. Bibi yangu keshatangulia miaka miwili nyuma.

KOMBO: Allah awarehemu.

SALMA: Amin. Wanaume wakenda kuzika Kitumba, mie mwanamke, nimebaki. Nilifikiri nimpe kaka yangu ile noti aitoe sadaka kule kule makaburini. Nikamwita, nikaishika, nikamwambia basi nenda tu.

KOMBO: Kwa nini?

SALMA: Sijui Kombo. Tunzo si sadaka. Tunzo unampa mtu anaimba.

KOMBO: Sasa mie nikuulize kitu cha kijinga. Mwaka 2025 Benki Kuu si walitangaza, zile noti za matoleo ya zamani mpaka la 2003, zipelekwe benki zibadilishwe? Tangu tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili. Mama yangu alizipekua mpaka chini ya godoro. Weye hukwenda?

SALMA: Nilikwenda. Nilipanga foleni kabisa, watu wana mabunda, mzee mmoja kaja na mfuko wa rambo umejaa, mie na alfu moja yangu. Nimefika watu watatu kutoka dirishani, nikaikunjua. Imekunjika pale pale nilipoikunja siku ile, na mistari imeshakuwa myeusi. Nikaona wakiichukua hii watanipa sarafu au noti mpya, ntaitia wapi? Kwenye kaseti? Nikatoka kwenye foleni. Yule mzee akanambia binti umesahau kitu? Nikasema eh.

KOMBO: Kwa hiyo sasa hivi hii haina thamani hata ya bajia moja.

SALMA: Hata ya bajia.

KOMBO: Na kaseti inapiga bado?

SALMA: Upande wa kwanza unapiga. Upande wa pili redio ya fundi ilimeza utepe mwaka jana, nimeutoa kwa kibano cha nyusi, umelegea, naogopa kuutia tena.

KOMBO: Lete nione. Mbona haukukatika huu, umelegea tu. Redio unayo hapa?

SALMA: Ipo chini ya meza. Kombo usiniharibie, wallahi tutakosana hewani.

KOMBO: Siharibu, mie nimekulia na hizi. Nipe kalamu ya biki, ile yenye pembe, inaingia sawasawa kwenye tundu. Shika huku. Pole pole sasa... wasikilizaji mnaisikia hiyo, kri kri kri, ndo sie hao.