Yai la geko siyo yai la kuku

Karibuni jamani, wa nyuma kama hamsikii mseme. Leo ni mayai ya geko mkia mnene, aina ya mjusi wa kufugwa, na jinsi ya kuyatotolesha, na naanza na kinachoua mayai mengi kuliko vyote. Wengi wetu tumekulia kwenye kuku, kwaiyo tukisikia inkubeta mikono inajiendea yenyewe, tunageuza yai, tunanyunyiza maji juu, mashine tunaiweka nyuzi 37 na nusu. Kwa geko hayo yote matatu ni kuua.

Kwao ni Afrika Magharibi, toka Senegali mpaka Kameruni, mchana anajificha shimoni penye unyevu, usiku ndo anatoka. Hana vidole vya kunata vya mjusi kafiri, alafu ana kope kabisa, anafumba macho. Ndugu yake wa huku kwetu yupo, Holodactylus africanus, anapatikana Kenya na Tanzania kwenye sehemu kavu, ila huyo tumwache.

Sasa yale mayai ya mjusi kafiri mnayokuta kwenye ufa wa dirisha ni magumu, yana gamba la chokaa, yanajitegemea. La mkia mnene gamba lake ni laini, ngozi ngozi, linanywa maji toka kwenye udongo kadiri linavyokua, likikosa linabonyea, likizidishiwa linavimba linaoza. Ndo maana mi nasema inkubeta ya bei mbaya siyo siri ya mtu, siri ni unyevu na kutulia.

Kabla hata ya yai kuna mama. Anataga mawili kila mtago, na akipandwa mara moja anaweza kutunza mbegu akataga mitago kadhaa kwa msimu, na kila mtago unakula mafuta ya mkia na madini ya mifupa yake. Kwaiyo nyenje wapakwe unga wa kalsiamu yenye vitamini D3, mkia ukianza kukonda muondoe dume. Muwekee kopo lenye kifuniko, tundu la kuingilia, ndani udongo wenye unyevu, atafukua atafukia mwenyewe. Ukiona kanywea tumbo ghafla na ana njaa kali, nenda kafukue.

Unapofukua polepole, yai liwekee alama ya penseli upande wa juu palepale kabla hujalinyanyua. Kiinitete kinajishika juu ya gamba kwa ndani, baada ya siku moja hivi ukiligeuza linaweza kufa. Likitoka hivohivo juu likae juu. Mawili yakigandana yaache yagandane, hata moja likiwa viza, lile zima halidhuriki sana, ila ukiyabandua kwa nguvu unachana yote.

Kopo la plastiki, ndani vamikulaiti, yale madini mepesi yanayoshika maji, gramu 100 kwa gramu 100 za maji, pima kwa mizani usikadirie kwa jicho. Ukiikamata ukaikamua ngumini itoke tone moja au mawili, ikichuruzika imezidi. Chimba kishimo kwa kidole, laza yai nusu lizame nusu lionekane, funika, kifuniko vitundu viwili vitatu tu. Mara moja kwa wiki fungua hewa iingie, basi. Kama yai limebonyea mapema ongeza maji ya uvuguvugu pembeni, yai lenyewe usiliguse na maji.

Joto ndo linaloamua jinsia, wala siyo dume. Kwenye nyuzi 28 utapata majike wengi, 30 mchanganyiko, 31 mpaka 32 madume wengi, na jinsia inaamuliwa wiki za mwanzo mwanzo huko. Ukipandisha zaidi ya hapo majike wanarudi lakini unacheza na vifo, mi sishauri. Kwenye 28 jiandae kusubiri kama miezi miwili na zaidi, kwenye 31 mwezi na nusu hivi. Thamostati, kile kifaa cha kushikilia joto lisipande wala kushuka, ni lazima, na thamomita iwe na kihisio chake kando ya mayai, siyo ukutani kwa mashine, maana juu na chini ya boksi joto linatofautiana.

Dada hapo mbele anauliza atajuaje kama ni viza. Baada ya wiki hivi zima taa, weka tochi ndogo chini ya yai bila kulizungusha, yai zima lina wekundu na vimishipa, viza ni njano tupu. Ukungu peke yake usikutishe, ufute taratibu. Tupa pale linaponywea kabisa na kunuka, siyo kabla, watu wanatupa mayai mazima kila siku jamani.

Mwishoni yai linatoa jasho linabonyea, hapo usiongeze maji, anakaribia. Anachana gamba kwa jino dogo la puani, anatoa kichwa, alafu anakaa. Masaa mengi anakaa, anamalizia kiini. Hapa ndo mikono inawasha, na ukimvuta unamchomoa na kiini chake nje, usimvute. Akitoka mwenyewe, boksi lake peke yake, tishu yenye unyevu chini, mchanga hapana. Siku chache za kwanza chakula atakikataa, atajivua ngozi kwanza na ataila, baada ya hapo mpe nyenje mdogo asiyezidi upana wa katikati ya macho yake, na kisosi cha maji kifupi asizame.