Kesho Bado Haijafika: Mantiki ya Thamani Tatu na Imani Katoliki

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeulizwa kama Mkatoliki anaweza kukubali mantiki isiyo ya klasiki, yaani ile isiyoshika kanuni za kawaida, kama ile kwamba kila kauli ni ama kweli ama uongo. Anaweza. Nimelisema mara nyingi hapa Mombasa, na kila nikimaliza mtu huinuka: "Mwalimu, Kanisa lilishamchagua Aristotle." Haya, tuanze na Aristotle mwenyewe, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale.

Anauliza: nikisema leo kwamba kesho kutapiganwa vita baharini, je, nimesema kweli tayari? Tuilete hapa Kilindini: "Kesho meli itatia nanga." Kama ni kweli tangu leo, nahodha amebakiwa na hiari gani? Kama ni uongo tangu leo, ni yale yale. Wengi wamemsoma Aristotle kwamba kauli hiyo bado haina upande. Mwaka 1920 mwanamantiki Jan Łukasiewicz wa Poland akaipa thamani ya tatu: si kweli, si uongo, bali yawezekana. Kwa hiyo anayeikimbia mantiki hiyo kwa jina la Aristotle hajamsoma.

Sasa twende Louvain, mji ulioko Ubelgiji ya leo, na hapa naomba mnivumilie. Mwaka 1465 mwalimu wa chuo kikuu cha huko, Peter de Rivo, aliulizwa hivi: Yesu alipokwisha kumwambia Petro kwamba atamkana mara tatu, Petro bado aliweza kutomkana? De Rivo alitaka kuilinda hiari ya Petro. Akajibu kwamba kauli kuhusu jambo lijalo lisilo la lazima haina ukweli wala uongo kabla halijatokea. Mwanateolojia Henry wa Zomeren akamjia juu: na unabii je? Tunapokiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu, tunakiri kitu ambacho bado si kweli? Ugomvi ukafika Roma. Kardinali Francesco della Rovere akaliandikia suala hilo. Mwaka 1471 akawa Papa Sixtus IV, na mwaka 1474 kauli tano za de Rivo zikalaaniwa.

"Basi si ndiyo hiyo, Mwalimu? Imelaaniwa!" Kilicholaaniwa ni nini? Zisomeni kauli zenyewe! Zinasema kwamba jambo lijalo haliwezi kusemwa kweli mpaka liwe halizuiliki, na kwamba lazima tuchague: ama imani yetu juu ya yajayo haina ukweli sasa, ama hata Mungu hawezi kuyazuia. Roma ilikataa uchaguzi huo. Kwa ninavyozisoma, hakuna mahali jedwali la thamani tatu (kweli, uongo, yawezekana) lilipopigwa marufuku. Litumie kwa meli ya Kilindini ukitaka. Usilitumie kuifanya Kanuni ya Imani iwe ya kubahatisha.

Na wale wanaoniambia "liandikwalo ndilo liwalo", makatekista wakiwemo: hapana. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba Mungu haingojei kesho. Yote yako mbele ya umilele wake kwa pamoja. Kumwona Petro akikana si kumshika ulimi. Hili naling'ang'ania kwa sababu nimeona vijana wakiacha kusali kwa kudhani yameshakatwa.

Sasa mgongano, yaani kauli na kinyume chake kwa pamoja. Mantiki ya klasiki husema kwamba kutokana na mgongano mmoja kila kitu kinafuata; kukataa hilo si kusema mgongano ni kweli. Wanazuoni wa Cologne, Ujerumani, walilikataa hilo katika karne ya 15 wakiwa Wakatoliki safi. Kusema kuna migongano iliyo kweli ni jambo jingine, na Thomas anasema wazi kwamba kinachojipinga hakimo katika uweza wa Mungu, kwa kuwa si kitu. Mwanafalsafa Jc Beall alitetea mwaka 2021 kwamba Kristo mwenyewe ni mgongano ulio kweli. Ni mtu makini na anastahili kujibiwa kwa hoja. Jibu langu ni Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451: nafsi moja, asili mbili, bila kuchanganyika, bila kutenganishwa. Kwa Umungu wake hafi, kwa ubinadamu wake alikufa. Hapo sioni mgongano wa kutafutiwa mantiki mpya.